Samaki wa kupaka wa hotelini upike kwako, na mbaazi za asubuhi pia

Nianze na hili kabla sijataja kitunguu wala ndimu: ile ladha ya hotelini mnayoitafuta haiko kwa masala. Naona watu wakila samaki wa kupaka, yule wa kuchomwa kwa makaa akapakwa tui zito la nazi, hapa Lamu, wakirudi kwao wananunua kila pakti ya dukani iliyoandikwa masala ya samaki, wanatia, samaki anatoka wa manjano tu na hana ile ladha, kisha wanasema wapishi wa hoteli wana siri. Hakuna siri jamani. Mpishi wa hoteli ana nazi, ana makaa, ana ndimu, vitu vile vile ulivyo navyo wewe, tofauti ni anaanza na kipi, anamaliza na kipi, na moto wake uko vipi kila hatua. Basi.

Mimi nilijua haya kwa kwenda kukaa. Kuna hoteli ndogo huku mtaa wa Langoni nilikuwa napenda sana samaki wao, nikawa kila nikimuona mpishi namuuliza, ami, kwani mle mnatia nini? Anacheka ananitajia vitu vile vile navyotia mimi. Siku moja baada ya swala ya alasiri hoteli haina watu akaniambia, mwanangu wewe kila siku waniuliza natia nini, mbona huniulizi naanza na nini. Akanipa kigoda nikae karibu na jiko. Nikakaa kama saa moja na nusu na nikatoka nimeelewa, manake mambo yenyewe ni ya kuona kwa macho, ukihadithiwa hayaingii vizuri. Kwa hivyo ushauri wa kwanza kabisa, ukiwa una chakula unakipenda mahali, usiende saa ya chakula cha mchana watu wamejaa, nenda saa hio ya alasiri, salimia kwa adabu, agiza chai, kisha uliza mpangilio. Wapishi wanapenda kuulizwa kazi yao, wengi hakuna anayewauliza.

Na ukienda kula, agiza kile chakula mara mbili siku mbili tofauti. Mara ya kwanza kula ushibe. Mara ya pili kula polepole, chukua mchuzi peke yake kwa mkate uonje, kisha nyama ya samaki ya ndani karibu na mfupa uonje peke yake, kisha ile ngozi iliyoungua. Utagundua chumvi na thomu, yaani kitunguu saumu, ziko ndani ya nyama, moshi uko kwa ngozi, na ukali wa ndimu uko kwa mchuzi. Hivyo ni vitu vitatu vimetiwa mahali patatu kwa wakati tofauti. Wengi nyumbani tunatia vyote kwa sufuria moja kwa pamoja halafu tunashangaa.

Sasa tupike. Samaki mmoja wa kama kilo 1, watu 3 au 4 watakula na wali.

Nazi kwanza sababu hapo ndo watu wengi wanapokosea. Taka nazi 2 zilizokomaa, zile kavu, itikise usikie maji yanacheza ndani, na angalia pale kwenye macho yake pasiwe na ukungu wala majimaji. Ukiuziwa koroma, ile ambayo si dafu na bado haijawa nazi, tui lake litakuwa jepesi na utamu wa maji maji hata ukamue vipi. Zikune kwa mbuzi ya kukunia nazi, chukua kikombe 1 na nusu cha maji ya vuguvugu, si baridi. Hii ya vuguvugu usiidharau, mafuta ya nazi yanaganda yakipata baridi, ushaona chupa ya mafuta ya nazi asubuhi za mwezi wa saba inavyokuwa nyeupe, sasa ukikamua na maji ya friji mafuta yote yanabaki kwa chicha na wewe unapata maji meupe. Kamua kwa nguvu, chuja, hilo ni tui zito, weka kando. Tia maji mengine vikombe 2 kwenye chicha lile lile ukamue tena, hilo ni jepesi, utalitumia kwa wali. Kama una blenda kata nazi vipande vidogo, saga na hayo maji ya vuguvugu dakika 2 hivi, kisha chuja kwa kitambaa safi, inatoka vizuri tu sitaki mtu aache kupika ati kwa sababu hana mbuzi. La pakti pia litakufikisha, mimi nikilionja naona limetulia mno, halina ule utamu wa nazi iliyovunjwa saa hio, lakini kwa alioko bara asiyepata nazi nzuri ni bora kuliko nazi iliyochacha.

Samaki, mimi napenda changu, na tewa pia anafaa, kolekole pia. Awe mzima na kichwa chake. Sokoni hapa karibu na ngome ukienda asubuhi unapata wa usiku, muinue mashavu uone ndani kama ni mwekundu mwekundu, jicho liwe limejaa na linang'aa, bonyeza ubavuni kwa kidole nyama irudi juu. Anuke bahari. Akinuka shombo la kukupiga mbali muache hata kama bei ni nzuri. Na bei zenyewe zinaenda na upepo, kusi ikipiga bahari inachafuka, mashua nyingi haziendi mbali, samaki anakuwa adimu na ghali, kaskazi ikitulia mnakula mpaka mnagawa kwa jirani. Usilazimishe samaki wa kupaka wiki ambayo sokoni hakuna samaki, pika kuku wa kupaka, njia ni hii hii.

Muoshe, mtoe magamba na matumbo, mchanje pande zote mbili michano 3 au 4 ifike karibu na mfupa. Twanga thomu punje 5 au 6, kipande cha tangawizi kama kidole gumba, pilipili mbichi 2, chumvi kijiko cha chai kimoja na kidogo, tia maji ya ndimu moja. Msugue, na uingize kwa vidole ndani ya ile michano na ndani ya tumbo. Hapa ndo ile ladha ya karibu na mfupa inapopatikana, ukipaka nje tu hufiki. Mwache nusu saa mpaka saa moja, asizidi sana sababu ndimu inaanza kuivisha nyama na ikikaa masaa inakuwa kavu kama uzi.

Moto. Washa makaa mapema kabla hata hujamchanja samaki, na usubiri mpaka yawe na jivu jeupe juu na moto wa ndimi uishe. Hii nimeiona kwa watu wengi, makaa bado meusi yanatoa moshi mzito, mtu ashaweka samaki, nje anakuwa mweusi ndani mbichi na ladha ni ya mafuta ya taa. Paka wavu mafuta, upashe moto kwanza, ndo uweke samaki asigande. Dakika kama 10 upande mmoja, usimgusegusi, akiwa tayari kugeuka anaachia wavu mwenyewe, ukiona anavutika jua bado. Mgeuze, dakika kama 8 tena. Mtoe akiwa amekaribia kuiva na bado hajaiva kabisa, manake atarudi.

Wakati samaki yuko motoni wewe uko na tui. Na hapa ndo pale nilipokaa kigodani nikafumbuka macho. Yule ami aliweka tui zito lote kwenye sufuria likiwa bado baridi, akatia thomu ya kutwanga kidogo, pilipili, manjano nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba ya kusaga robo kijiko, chumvi, ndo akaweka motoni, moto wa wastani. Akashika upawa na kuanzia hapo hakuuachia. Hakuwa anakoroga kwa kuzungusha vile tunavyokoroga uji, alikuwa anachota tui, anainua upawa juu kiasi cha shibiri, analimimina tena taratibu, anachota anamimina, anachota anamimina, na macho yako kwa tui tu hata alipoitwa na mteja alijibu bila kugeuka. Likaanza kutoa povu dogo dogo pembeni, akapunguza makaa kwa koleo, akaendelea. Baada ya kama dakika 15 lile tui lililokuwa linadondoka kama maziwa likawa linaporomoka kutoka kwa upawa kama uji mzito, na harufu ikabadilika, ile harufu mbichi ya nazi ikaondoka ikaja moja tamu nzito kidogo. Akaniambia, hapo ndo limeiva. Akaipua. Kisha, baada ya kuipua kabisa, ndo akakamua ndimu.

Hio ndimu baada ya kuipua ndo jibu la yale maswali yangu yote ya miaka. Mimi nilikuwa natia ndimu mwanzo. Tui halipendi vitu viwili, kuchemka kwa nguvu bila kukorogwa na uchachu likiwa motoni, ukilifanyia hivyo linakatika, mafuta yanajitenga yanaelea juu na chini kunabaki vipande vipande kama mtindi ulioharibika. Nakumbuka siku moja nina wageni wa mume wangu kutoka Faza, kisiwa cha Pate, watu saba, nikaacha tui nikaenda kufungua mlango na kuwakaribisha, narudi limekatika lote na nazi nyingine nyumbani hamna. Niliumia sana siku ile, sababu mgeni wa mbali hivyo unataka ale kitu kizuri. Likikukatikia ipua haraka, acha lipoe kidogo, litie kwenye blenda na vijiko vichache vya maji ya vuguvugu au tui bichi ulilobakisha, lisage, litarudi karibu na vile lilivyokuwa, halirudi lote lakini linapakika. Kwa hivyo siku zote bakisha tui bichi robo kikombe kando mpaka umalize. Na kama mlango unabishwa, ipua kwanza.

Wengine wanatia tungule, yaani nyanya, ya kusaga kwenye tui, mimi sizipendi kwa samaki wa kupaka, zinaleta uchachu wake na zinafunika nazi, lakini hoteli nyingi zinatia na watu wanapenda, ukitaka weka moja tu na uipike pembeni kwanza mpaka maji yake yakauke. Badala ya ndimu waweza kutia ukwaju ulioloweka na kuchujwa, vijiko 2, unaleta rangi ya udongo kidogo na uchachu wa polepole zaidi.

Sasa kupaka kwenyewe. Samaki wako mrudishe kwa wavu, makaa yamepungua, chota lile tui zito umpake upande wa juu ukijaza ile michano, mwache dakika 2 au 3, mgeuze, mpake upande wa pili, mgeuze tena, mpake tena. Mara 3 kila upande. Yale matone yakidondoka kwenye makaa yanatoa moshi wa nazi na huo moshi unampanda samaki tena, sikiliza ule mlio wa chss, ndo ladha ya hoteli inatengenezwa hapo hapo mbele yako. Ukiona juu kumeanza kuwa na madoadoa ya kahawia mtoe, mlaze kwa sinia, tui lililobaki mmwagie juu na lingine weka bakulini.

Alioko kwenye fleti hana pa kuwashia makaa asikate tamaa. Oveni iwe moto sana, digrii 220, samaki juu ya wavu si kwenye tray ya maji, dakika 20 hivi kisha anza kumpaka na uwashe ule moto wa juu dakika 5 za mwisho. Moshi utaupata hivi: chukua kipande kimoja cha kaa, kiwashe juu ya gesi mpaka kiwe chekundu chote, kiweke kwenye kibakuli kidogo cha chuma katikati ya sinia ya samaki, dondoshea samli kijiko nusu, moshi utoke, funika kila kitu kwa sufuria kubwa dakika 5. Fungua dirisha kwanza. Wanaopika biriani wanaijua hii, na kwa samaki inafanya kazi hivyo hivyo.

Pweza wa nazi ukitaka, mpango ni huo wa tui, ila mchemshe pweza kwanza bila chumvi mpaka uma uingie bila kubishana, kama dakika 45 na zaidi kwa mkubwa, chumvi mwisho.

Tuje kwa asubuhi sasa, mahamri na mbaazi, sababu watu wananiuliza hii kuliko hata samaki. Mbaazi za hoteli zina ule uzito wa kushika hamri na nyumbani zinakuwa kunde ndani ya maziwa. Sababu ni moja, hotelini zimepikwa usiku. Mbaazi kavu vikombe 2, loweka tangu mchana, jioni mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya mpaka ukiibonyeza moja kwa vidole viwili inasagika yote haibaki na punje ngumu katikati, chumvi usitie bado. Zikiiva hivyo acha maji kidogo tu, tia tui jepesi vikombe 2, kitunguu kilichokatwa, pilipili mbichi nzima uzichane kidogo, manjano kwa ncha ya kijiko. Zichemke taratibu mpaka tui jepesi linywewe. Chukua upawa ponda kama robo ya mbaazi ubavuni mwa sufuria, hizo ndo zitaleta uzito. Ndo utie tui zito kikombe 1 na chumvi, moto mdogo, dakika 7 au 8, ipua, funika, ulale. Asubuhi unapasha tu kwa moto mdogo. Ukizila usiku huo huo ni nzuri, za asubuhi ni nyingine kabisa.

Mahamri, unga wa ngano nusu kilo, sukari nusu kikombe, hamira kijiko cha chai kimoja, hiliki ya kutwanga mwenyewe kijiko cha chai kimoja, na ukandie tui zito la vuguvugu peke yake bila maji, kama kikombe 1 na robo, tia kidogo kidogo ukiangalia unga unavyotaka. Hiliki ya unga ya pakti iliyofunguliwa tangu mwezi uliopita haina kitu, nunua punje. Kanda dakika 15 kwa saa, mpaka donge liwe laini kama sikio. Funika kwa kitambaa chenye unyevu, kwa joto la huku saa moja na nusu inatosha, bara kwenye baridi hata masaa 3. Gawa madonge, yaache dakika 10 tena, sukuma duara unene wa karibu nusu sentimita na uwe sawa kila mahali, kata vinne. Mafuta yawe moto kweli, tia kipande kidogo cha unga kikipanda juu mara moja yako tayari. Weka hamri, na hapo hapo anza kulimwagia mafuta juu kwa mwiko wa matundu, litafura kama mto. Kama hayafuri, au mafuta ni baridi, au umesukuma upande mmoja mwembamba mwingine mnene, au uliyaacha wazi yakakauka ngozi. Karibu kila mara ni moja ya hizo tatu.

Viazi vya karai sitakaa sana. Chemsha viazi na chumvi na manjano, vikate, koroga unga wa dengu na maji, chumvi, pilipili, uwe mzito wa kushika kiazi, chovya, kaanga. Kinachobeba ni chatne, ukwaju mzito, pilipili, chumvi na sukari kidogo, usiifanye nyepesi.

Neno moja kuhusu vipimo ukipewa na mpishi wa hoteli. Yeye anapika nazi 15 kwenye sufuria pana, ukigawa kila kitu kwa saba na nusu hutapata kitu kile kile. Tui kidogo kwenye sufuria pana linakauka kwa dakika 5 tu, kabla halijaiva, tumia sufuria ndogo yenye kimo. Na pilipili na chumvi usigawe kwa hesabu, anza na kidogo uonje.

Tui la kupaka likibaki usilimwage, linakaa kwa friji siku 2 kwa chombo chenye kifuniko. Litaganda juu, ni kawaida. Lipashe kwa moto mdogo mno ukichota na kumimina vile vile, na umwagie juu ya muhogo uliochemshwa, au kama kuna anayepika mkate wa mofa mtaani kwenu mtume mtoto akuletee ungali moto.